Mizani ya Pongwe

Mwaka huu nimefika arobaini na saba
na goti la kulia linatabiri mvua kuishinda redio.
Huo ndio umri niliouchagua
wa kununua kigari kisicho na mlango,
kisicho na paa, kisicho na hata honi
ya kuwaambia watu: pisheni, nakuja.

Mwanatumu akasema, "Wenzio wananunua shamba Muheza,
wewe unanunua kiti."
Sikujibu. Kweli ni kiti:
kiti, mabomba, magurudumu ya toroli,
na injini ubavuni kama mtoto aliyebebwa upande.

Semboja alinionyesha chekundu,
gerejini kwake, Barabara ya Kumi na Nne.
Alikiondolea turubai kwa madaha
kama anayefunua kawa mbele ya mkwe.
Mipigo miwili. Oili na petroli unachanganya mwenyewe,
ukikosea kipimo, pistoni inajam.
Alipokiwasha kililia kama nyigu ndani ya kopo,
na moyo wangu, mpumbavu,
ukawahi foleni ya kulipa.

"Daraja hili wanaendesha nani?"
"Vijana watatu. Mmoja kahamia Arusha."
Watatu toa mmoja, jumlisha mimi.
Mimi karani wa bandari, hesabu hiyo naiweza:
ningekuwa wa tatu kila Jumapili,
kikombe mkononi, kichwani hamna kitu,
nimeona migongo miwili tu
ikipotea kona ya kwanza.

Fundi Mhina hakunionyesha chochote.
Alisema, "Kaa."
Nikakaa. Nyonga zikabaki juu
kama mkate uliozidi kopo lake.
Akaleta kiti kingine, akanipapasa mbavu, kushoto, kulia:
"Kikikubana hapa, utaumia wiki moja.
Kikikuachia, mikono itashika mwili wako
badala ya kushika usukani."
Kisha akailaza fremu sakafuni,
akaikanyaga pembe moja, akasikiliza.
Fremu iliyopinda hugonga saruji, ka, ka,
kama meza ya mgahawa wa chai.
Hii ilinyamaza.
Ilikuwa na viraka viwili vya kuchomelea,
akanionyesha vyote kabla sijaviona.

Injini ni mipigo minne, ilitoka kwenye pampu,
ilinywesha michungwa ya Muheza misimu sita
(Mwanatumu, sikia: nusu ya shamba nimenunua).
Haina papara.
Ina subira ya kitu kilichozoea kuvuta maji.

"Na daraja?"
"Wazito. Mko kumi na mmoja."
Alisema *mko*, na hela bado ilikuwa mfukoni kwangu.

Pongwe, uwanja walikoanika mkonge zamani,
matairi yamepakwa chokaa, kona zimechorwa kwa brashi.
Tunapimwa kwenye mizani ya marobota,
na kofia zetu, na viatu, na aibu.
Aliyepungua hufungiwa risasi kitini.
Nesi Hoza wa Bombo alifungiwa vipande vitatu,
akavigonga kwa kucha, akacheka.
Mimi sikuhitaji. Nilisimama pale
na kwa mara ya kwanza maishani
kitambi changu kikawa ndani ya kanuni.

Kuna mwalimu wa hesabu anayekata kona kwa hasira.
Kuna muuza vitunguu anayeomba radhi akikugonga,
halafu anakugonga tena.
Mzunguko wa nne nilijizungusha mwenyewe,
nikaangalia nilikotoka, vumbi,
na wenzangu wote wakinijia usoni.
Niliogopa. Nikageuza. Nikaendelea.

Mbavu zinauma hadi leo Jumanne.
Mwanatumu anazikanda kwa mafuta ya nazi
na kuuliza, nilikuwa wa ngapi.
Wa tisa, namwambia.
Lakini yule nesi, kona ya tatu,
anashika breki mapema, kila mzunguko, bila kukosa.
Nimeliona nikiwa nyuma yake.
Usimwambie mtu,
hadi Jumapili ijayo.